Shikamoo ya Rajabu

Jirani yangu Theopista si mtu wa kisasi. Mwenye kisasi ni mimi Vidya, na nilidhani katika Mtaa wa Kongo wote hakuna wa kunishinda, mpaka walipomgusa mumewe. Maduka yetu yamepakana tangu wakati wa ruksa: mimi nauza mabeseni na masufuria, yeye mitumba.

Mumewe, Elibariki, alishuka kutoka Kibosho ruksa ilipozifungua biashara, akawa wa kwanza mtaani kwetu kufungua belo la mitumba hadharani bila kugeuka nyuma kutazama kama askari wanakuja. Mvua kubwa zilipolijaza maji bonde la Jangwani, aliwafungulia watu duka. Walilala juu ya mabelo, wakavaa walichokikuta, na hakuna aliyeulizwa habari ya shati. Magazeti hayakufika. Alipofariki tulimsindikiza hadi kwao, akazikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pamoja na wazee wake.

Miaka ikapita. Theopista akasikia kuna ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika. Hilo la mtu yeyote lilimwingia. Binti yangu Shivani akamwonyesha kompyuta, naye akaandika ukurasa wa mumewe kwa vidole viwili, akifuta machozi kwa kanga. Kesho yake ukurasa haukuwepo. Mhariri mmoja wa kujitolea, Rajabu, alikuwa ameufuta na kuacha sababu: hana umuhimu, hajaandikwa gazetini wala kitabuni.

Theopista alisema atakula naye sahani moja. Mimi nilichochea, sikatai. Mtu aliyewalaza watu wa Jangwani dukani kwake, leo anaambiwa hana umuhimu na kijana ambaye hata kwao hatukujui?

Shivani ndiye aliyetuambia kwamba kuna mkutano wa wasomi mjini, kuhusu watu kuandika pamoja mtandaoni, na kwamba Rajabu atazungumza. Kila mtu anakaribishwa. Tulifunga maduka katikati ya wiki, jambo ambalo hatulifanyi hata kwa harusi. Mlangoni Theopista alipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, aandike jina lake. Akaandika kwa herufi kubwa: HANA UMUHIMU.

Maprofesa walizungumza sana, mengi sikuyashika. Rajabu alipopanda jukwaani alisema kwa upole kwamba maarifa ni ya wote, na upole wake ukanichefua zaidi. Wakati wa chai alizunguka akisalimia watu. Ana adabu, hilo nalikubali. Akafika kwetu, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Theopista alimtazama tu. Mjini hapa unaweza kumtukana mtu leo na kesho mkacheka, lakini mkubwa akiacha kuitikia shikamoo, kila aliye karibu anajua kuna jambo zito. Rajabu akarudia, kwa sauti zaidi. Watu wakaweka vikombe chini. Ndipo macho yake yakashuka kwenye kile kitambulisho, akayasoma maneno yake mwenyewe, na uso ukambadilika. Roho yangu ilisuuzika.

"Mimi ni mke wa Elibariki," Theopista alisema. "Tusio na umuhimu tunaitikiaje?"

Kijana alijitetea kwamba ile ni kanuni, si yeye. Hakuna aliyemsikiliza. Mwandishi wa gazeti aliyekuja kwa ajili ya maprofesa aliwaacha, akaja kukaa na Theopista, na Jumapili Elibariki akatoka gazetini, yeye na mabelo yake na mafuriko. Kanuni ikaridhika.

Baada ya siku chache Rajabu alikuja Mtaa wa Kongo mwenyewe, akiwapisha wapagazi huku jasho likimtoka. Ukurasa ulikuwa umerudi, akatuonyesha kwenye simu. Theopista aliusoma wote taratibu, akamrekebishia jina la kijiji, akausoma tena. Nilidhani yamekwisha. Nadhani Rajabu naye alidhani hivyo, maana aliinama.

"Shikamoo, mama."

"Uliyemfuta si mimi," Theopista alisema, akimrudishia simu yake. "Yuko Kibosho, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Shikamoo yako ipeleke huko."

Rajabu akanigeukia mimi, akitaka nimsaidie. Nikamuuliza anahitaji beseni la ukubwa gani.