Alivuka Mto, Mpunga Ukiwa Shambani

Wiki iliyopita tulimzika kijijini Mchombe mkulima mmoja wa mpunga, ambaye baadhi yenu mlimjua kwa sauti yake ya besi kwenye kwaya. Aliugua muda mfupi, akafariki hapa Ifakara. Tulikuwa jumuiya moja, na kila nikimkumbuka naikumbuka safari aliyoiahirisha kwa miaka mingi.

Katika msiba wa baba yao, mbele ya waombolezaji, alimtuhumu mdogo wake kwamba alimwacha mzee afe bila kumpeleka hospitali. Haikuwa kweli, mzee mwenyewe ndiye aliyekataa kwenda. Mdogo wake akahamia Lupiro, ng'ambo ya mto, na hawakusemeshana tena. Marehemu aliendelea kuimba kila Jumapili, lakini wenzake walipokwenda kukomunika, yeye alibaki kwenye benchi. Ukimuuliza, alisema atakwenda kuomba radhi. Mwanzoni kikwazo kilikuwa pantoni. Daraja lilipojengwa, yakaja mafuriko, kisha palizi, kisha pikipiki mbovu. Nilizisikia sababu hizo zote, na sikumbuki hata moja iliyokuwa ya uongo.

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, nilikuwa kwao mkewe alipomuuliza atakwenda lini.

"Ndege wakipungua," alisema. "Nikiondoka sasa watamaliza mpunga."

"Ndege nitawafukuza mimi. Watakaonishinda, waache wale mpunga. Wewe nenda."

Aliinuka, akaenda kuazima pikipiki kwa jirani.

Baadaye alinisimulia kwamba alimkuta mdogo wake akishona nyavu uani. "Shikamoo, kaka," mdogo wake alimwamkia, kana kwamba walionana jana. Aliitikia marahaba, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea. Akasema tu, "Nilikusingizia mbele za watu. Nisamehe." Mdogo wake akamjibu akiendelea kushona, "Nilijua kwamba unajua haikuwa kweli. Nilichokuwa sijui ni kama utakuja." Akamwita mkewe alete chakula.

Ndege walikula sehemu kubwa ya mpunga ule, na mavuno yakawa haba. Pasaka hiyo marehemu alikomunika.

Sisi wa bonde hili tumezoea kumpangia Mungu nafasi baada ya msimu, tukidhani utafika wakati ambao hakuna kazi, hakuna ugonjwa wala ada za watoto. Wakati huo sijauona bado. Makaburini, mdogo wake alisimama mbele ya ndugu wale wale waliosikia tuhuma ile zamani. "Kaka yangu alikuja kwangu akaniomba radhi, nami nikamsamehe," alisema, akakaa. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba sababu zinazotuzuia kutubu huwa na nguvu kwa kuwa nyingi ni za kweli. Atakayengoja ziishe atazikwa nazo. Inabidi kwenda zikiwapo.