Mshale wa Kompresa ya Bure

Siku niliyopakua ile kompresa ya bure mtandaoni, nilikaa nayo kama mtu aliyenunua gari. Ilikuwa programu tu, ya kubana sauti: mwimbaji akipiga kelele inamshusha, akinong'ona inamvuta juu, ili wimbo wote usikike sawasawa. Lakini walioitengeneza waliichora ikafanana na mashine ya zamani, mbao pembeni, skrubu zenye kutu, na mshale unaochezacheza nyuma ya kioo cha manjano. Kuna siku nilipangusa vumbi kwenye skrini kwa pindo la shati. Vumbi lenyewe lilikuwa limechorwa.

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja pale Kawangware 56, Nairobi, upande huu saluni, upande ule fundi wa kuchomelea mageti. Nilibandika trei za mayai ukutani nikajiita prodyuza. Tangu mshale ule uingie, kila kitu nilikipitisha humo: ngoma, gitaa, hata salamu za sauti nilizomtumia mama yangu. Mama akauliza kama nimefungiwa ndani ya debe.

Ndipo wakaja kina mama wa kwaya kutoka Sarang'ombe, kumi na wawili, wamevaa sare kana kwamba kuna kamera. Haja yao ilikuwa moja. Mwimbishaji wao, yule anayeanzisha wimbo wenzake wakaitikia, alikuwa anarudi nyumbani Magharibi Jumamosi ile, na harudi tena Nairobi. Magoti yake yalikuwa yamechoka na matope na mteremko. Walitaka sauti yake ibaki.

Na alikuwa na mtindo wake, huyo mama. Anaanza chini kabisa, kama mtu anayeongea peke yake jikoni, halafu anapanda polepole mpaka ubeti wa mwisho, hapo anaiachilia sauti na mwili unakusisimka. Basi alipokaribia ubeti huo, fundi wa jirani akawasha grinda yake ya kukata chuma. Mama akasita. Nikaegemea kiti changu kama mtu wa maana, nikamwambia, "Mathe, wewe imba tu. Hiyo nitarekebisha, niko na mashine."

Akaimba, wakaenda zao, nikabaki na mshale wangu. Nilibana, nikabana tena, mpaka mshale ukagota mwisho. Laptop ikaanza kulalamika kwamba haina nafasi. Nikafanya tunavyofanya sisi wenye laptop za mtumba: nikahifadhi wimbo uliokamilika, nikafuta rekodi mbichi zote. Kisha nikajipongeza kwa chapati mbili.

Ijumaa wakarudi kusikiliza. Mnong'ono wa mwanzo ulikuwa na ukubwa uleule wa ubeti wa mwisho. Na kila mara mama alipovuta pumzi, kompresa iliinua vyote vilivyojificha nyuma yake: grinda, mashine ya kukausha nywele kule saluni, jogoo wa watu. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa raha. Wimbo ukaisha.

Mwimbishaji akaniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kwa sauti iliyokwaruza akasema, "Huyu mama anaimba vizuri, mwanangu. Lakini hapandi. Mimi nilipanda."

Akaomba nimwekee ile ya kwanza, kabla sijaitengeneza. Nikafungua folda, nikaifunga, nikaifungua tena, eti labda itajirudisha yenyewe kwa kunionea aibu. Mwishowe nikasema nimeifuta. Aki nilitamani kuingia chini ya meza. Kurekodi upya hakukuwezekana. Wiki nzima ya kuagwa kwa nyimbo ilikuwa imemmaliza koo, na basi lilikuwa la kesho asubuhi.

Mwenyekiti wa kwaya akatoa simu mkobani, akasema yeye alirekodi kidogo siku ile, ya kumbukumbu tu. Akailaza juu ya kibodi yangu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilianza chini, ikapanda, ikaipita grinda, na ilipofika juu kabisa kina mama walikuwa wanalia. Hata mimi nililia. Hiyo ndiyo waliyo nayo kwenye simu zao mpaka leo, na nasikia kule kwake huchezwa wageni wakija.

Kazi yangu nayo imo humo, msidhani. Kabla tu ya ubeti wa mwisho, wazi kabisa, bila kubanwa na chochote, inasikika sauti ya mtu aliyejaa maringo akisema, "Mathe, wewe imba tu. Hiyo nitarekebisha." Nimewaomba wanipe nikikate kipande hicho. Wamesema nisiguse.