Albamu Isiyo na Mwimbaji

Mtaani wanamwita kaka yangu Umeme, kwa jinsi vidole vyake vinavyokimbia kwenye gitaa la roki. Miaka kumi na minne nimeimba mbele yake, na miaka yote hiyo hakunipa nafasi hata ya kumeza mate. Nikifungua kinywa, yeye keshamwaga noti arobaini. Watu wanashangilia, mimi najipenyeza kama mtu aliyechelewa mkutanoni.

Halafu akaja na jipya: anataka albamu ya ala tupu, bila maneno. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema niimbe sauti ya mwongozo, aifuate, kisha ifutwe. Roho iliniuma, sitaficha. Nikamwomba wimbo mmoja tu, ule niliomtungia baba alipofariki, sauti yangu ibaki. Akakubali. Akaapa, tena mbele ya mama.

Basi wiki sita nikashinda kwenye chumba cha studio kilichopigiliwa magodoro ukutani, naimba, yeye upande wa pili wa kioo, hedifoni masikioni. Siku za kwanza ni mbio zake zilezile. Fundi mitambo, mzee asiyemung'unya maneno, akamuuliza: mwenzako akivuta pumzi, wewe unaparamia nini humo? Kaka akanuna siku mbili. Aliporudi, akawa ananyamaza pale ninapovuta pumzi. Noti moja anaishika, anaiacha itetemeke mpaka ife yenyewe. Jamani, yule mtu alikuwa amekua. Na alikuwa amekulia kwenye pumzi zangu.

Siku ya kusikiliza tulikaa sebuleni kwa mama. Wimbo wa baba ukaanza. Nikangoja sauti yangu, likaja gitaa. Ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho ni gitaa tu, linapumua pale ninapopumua mimi.

"Umenifuta," nikamwambia.

"Nilijaribu kukuacha humo, mdogo wangu," akasema, haniangalii. "Tulikuwa tunasema kitu kilekile mara mbili."

Nilitaka kumtukana, na matusi nilikuwa nayo ya kutosha. Nikamgeukia mama anitetee, maana kile kiapo alikisikia kwa masikio yake. Mama alikuwa amejifunika uso kwa viganja, analia. Wimbo ule nimemwimbia miaka saba, kila alipouomba, na kila mara alinipigia makofi.

Akafuta macho, akasema tuurudie. Redio ilikuwa karibu yangu, nikaurudisha mimi.