Diski ya Baba

Baba alipostaafu reli alikwenda ofisini kufuata haki yake. Karani, bila hata kuinua macho, akamwambia: "Papa, dosye yako haiko." Hakusema imepotea. Hakusema itatafutwa. Haiko. Na mtu ambaye dosye yake, yaani faili lake la kazi, haiko hakuwahi kuendesha treni, hakuwahi kulala stesheni ya Kambove ndani ya behewa bovu, hakuwahi kuvunjika mguu kazini. Baba alirudi nyumbani akichechemea kwa mguu ambao, kwa mujibu wa ofisi, ulikuwa mzima.

Nayasema haya ili msianze kumcheka mapema. Watakaomcheka wapo, na zamu yao inakuja.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Aliipata Mokambo, mpakani, kwa wale wanaovusha vitu kutoka Zambia, akaiweka sebuleni, pale palipokuwa na televisheni. Mama aliichukia kama mke mwenza. Ndani yake baba alitaka kuweka mnyororo wa bitikoini, ile fedha ya kwenye kompyuta. Si kwamba alikuwa na bitikoini. Hakuwa na hata chembe. Alichotaka ni kitabu chake. Malipo yote yaliyowahi kufanywa kwa fedha hiyo, tangu lile la kwanza, yameandikwa humo ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa umefungwa kwenye uliotangulia, na mtu yeyote anaweza kukiweka kitabu kizima nyumbani kwake na kukikagua mwenyewe. Wenye nakala wako dunia nzima. Hakuna karani.

"Mutu akisema haiko," baba aliniambia, "mi nafungula yangu, namuonyesha: iko."

"Na inaleta nini ku nyumba?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Haileti kintu."

"Basi iko sawa na weye."

Ndivyo walivyoishi wazazi wangu. Mimi ndiye niliyenunua mega za intaneti, kwa hiyo nilitukanwa na mama na kusifiwa na baba, na sifa zile hazikunisaidia kitu.

Siku moja nilimsomea habari kwamba watu wa fedha hiyo waliwahi kugombana vibaya. Wengine walitaka kurasa ziwe kubwa, malipo yapite mengi na kwa haraka. Wengine wakakataa katakata: kurasa zikiwa kubwa kitabu kitanenepa, maskini mwenye mashine mbovu atashindwa kukihifadhi, na mwishowe kitabaki kwa matajiri peke yao. Hao wa pili ndio walioshinda. Baba alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akachelewa kuivaa.

"Balinifikiria miye," alisema.

Hakuna aliyemfikiria, ila sikuwa na moyo wa kumwambia. Tangu atoke reli hakuna mtu aliyejisumbua hata kumdanganya kwamba anamfikiria.

Shida ni kwamba kitabu hakikukaa kumngoja. Umeme ulikatika ulivyotaka, mashine ikazimika katikati ya kuandika, kurasa zikaharibika, akaanza upya tangu mwanzo. Mega ziliisha. Na huko duniani kurasa mpya zilikuwa zikiongezwa mchana na usiku. Mzee mwenye mguu mbovu alikuwa akikimbiza treni, na treni ndicho kitu alichokijua kuliko sisi sote. Aliendelea tu kuikimbiza.

Binti wa dada yangu alikuwa mwanamke mzima, fundi wa simu mwenye kibanda chake Kenya, mtaa wa hapa kwetu. Kwetu mjukuu ana ruhusa ambayo mtoto hana. Anamtania babu yake akiwa hai, na siku ya kilio anamtania maiti mbele ya watu, na hakuna wa kumnyamazisha. Yeye alimwita baba bwana yangu, naye baba akamwita bibi yangu, kama mume na mke, na kila alipokuja alipiga kelele tangu getini:

"Bwana yangu, ilisha kufika?"

"Bado, bibi yangu."

Mtaa mzima ulijua jibu hilo. Watoto waliokwenda kuchota maji walilipokezana.

Kisha diski ikajaa, na mnyororo haujafika mwisho. Kununua kubwa zaidi hatukuweza. Binti wa dada akasema jambo ni jepesi: mashine ikague kila ukurasa, halafu itupe zile za zamani, ibaki na za karibuni tu. Programu yenyewe inaruhusu. Mnyororo utafika, na nafasi itabaki.

"Kutupa za zamani?" baba aliuliza.

"Za zamani ziko na kazi gani? Bantu bengine beko nazo."

"Ni vile balinifanya miye," baba alisema, akazima skrini.

Hayo hayakuzungumzwa tena mpaka alipolazwa kwa ajili ya mapafu. Daktari alitushauri tumrudishe nyumbani, nasi tukaelewa maana yake. Kitandani alikuwa na swali moja tu: ilisha kufika? Alimuuliza muuguzi, alimuuliza padri. Binti wa dada alishindwa kuvumilia. Alikwenda nyumbani, mama akamfungulia mlango, akaiamuru mashine itupe kurasa za zamani.

Tulipomfikisha sebuleni, skrini ilikuwa imeandika kwamba kazi imekamilika. Sijawahi kumwona baba vile. Aliomba koti lake la reli, tukamvisha akiwa ameketi. Aliita majirani. Mama, aliyekuwa na tusi kwa kila alichofanya, alimchemshia chai na kuikoroga sukari mwenyewe. Baba akanigeukia.

"Mwanangu, nionyeshe ya kwanza. Ile ya mwanzo kabisa."

Mimi sikujua kilichofanyika. Niliandika alivyonifundisha, skrini ikajibu, na majirani wakasogea. Skrini iliandika: ukurasa huo umeondolewa.

"Inasema nini?"

"Haiko, papa."

Alimtazama binti wa dada yangu. Hakumtukana, ningefurahi kama angemtukana. Alisema, "Aksanti, bibi yangu," akaomba tumvue koti. Swali lake hakuliuliza tena. Alikufa juma lilelile, na chuki niliyokuwa nayo kwa yule mwanamke siwezi kuipunguza kwa kuiandika hapa.

Kwenye kilio wajukuu walianza kazi yao. Binti wa dada ndiye aliyelivaa koti la reli. Alichechemea mpaka mbele ya jeneza, akajipangusia miwani ambayo hakuwa nayo, akauliza kwa sauti ya baba: "Ilisha kufika?"

"Bado!" watu wakaitikia, na kicheko kikaenda mpaka barabarani.

Akavua koti. Sasa akawa karani. Alichukua kitabu cha nyimbo cha parokia, akapekua kurasa bila kumtazama mtu, akaligonga jeneza kwa kalamu.

"Papa, dosye yako haiko. Haujakufa. Rudia kesho."

Watu walishika mbavu. Mama alicheka kuliko wote, mpaka wakamshika mabega. Mimi nilisimama nimrukie, nimchane uso mbele ya padri. Lakini alikuwa bado anagonga. "Rudia kesho, bwana yangu," alisema. Kicheko kilikwisha, wabebaji walikuwa tayari, naye akaendelea kugonga, "Rudia kesho, rudia kesho," na hapakuwa na mwenye ruhusa ya kumnyamazisha.