Mbwa Waliolala Njiani Msiba Ulipopita

Ipo siku moja naikumbuka kila kipupwe kinapoingia, mwanangu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mke mchanga, nimetoka kwetu Njombe nikaolewa kijiji kimoja upande wa Makambako. Mume wangu alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, kama vijana wengi wa Ubena wakati ule. Nyumbani nilibaki mimi, shamba la mahindi, na mbwa wake aliyeitwa Askari.

Askari alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye kovu puani. Nguruwe pori hawakuthubutu kuingia shambani kwetu, lakini watu nao hawakuthubutu kuingia uani. Alikuwa amekulia kwenye mnyororo nyuma ya ghala, hamjui mtu ila mimi na mume wangu. Basi siku moja akaukata ule mnyororo, akamrarua mkono jirani yangu, mama wa watu aliyekuja kuomba moto tu. Kesho yake jumbe alikuja mwenyewe, akasimama mbali na ua, akanisalimu Kibena.

"Kamwene, binti."

"Kamwene, baba."

"Mbwa huyu nimemvumilia. Akimgusa mtu mwingine, nitamwita mwenye bunduki kutoka bomani."

Niliingia ndani nikalia. Bila Askari nguruwe wangelimaliza shamba, na mume wangu akirudi ningemwambia nini?

Aliyenisaidia ni Shangazi Yudita, dada yake baba mkwe, mjane mrefu asiye na maneno mengi. Shangazi alikuwa na desturi ambayo wengine waliicheka. Kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya watu wenye mbwa wakali na waoga, kila mtu na kamba yake, wakatembea pamoja kwa mstari. Walipita kwenye zizi, kisimani, misheni watoto wanapotoka darasani, hadi barabara kuu ya Makambako malori yanapopita. Hawakuwinda chochote. Walitembea tu, mbwa wapate kuuona ulimwengu wakiwa na wenzao.

"Mlete," aliniambia. "Utakaa nyuma, mbali na wengine. Asisalimiane na mbwa yeyote. Waache watembee upande mmoja mpaka wazoeane harufu."

Asubuhi ya kwanza nilidhani mkono utang'oka. Askari alibweka, akaruka, akajinyonga kwenye kamba, nami nikavuta kwa nguvu zangu zote. Shangazi akarudi nyuma, akanitazama mimi, si mbwa.

"Mkamwana, unaogopa nini?"

"Naogopa atauma, shangazi."

"Naye anajua. Ukivuta hivyo, unamwambia hatari imefika. Legeza kamba, upumue, uendelee kutembea. Likija la kutisha, mpishe pembeni, usimsukume alikabili."

Maneno hayo yaliniuma, maana alisema mbele ya watu. Lakini nililegeza. Tukatembea Jumamosi ile, na iliyofuata, na nyingine nyingi. Ukungu ulikuwa ukitanda juu ya miti ya miwati hata humwoni aliye mbele yako, unasikia tu makucha ya mbwa kwenye changarawe. Kidogo kidogo Askari akaacha kubweka. Akaanza kusogea karibu na jike mmoja mzee wa Shangazi, akawa anamwangalia yule afanyavyo. Lori likipita, jike hatingishiki, na yeye anatulia. Sikumfundisha mimi hilo, mwanangu. Alilisoma kwa mwenzake.

Kisha ikaja siku yenyewe. Tulikuwa kwenye njia nyembamba, mahindi huku na mahindi huku, tukasikia wimbo wa kanisa. Ukungu ukafunguka, na mbele yetu tukaona machela. Mama yake jumbe alikuwa amefariki hospitali ya misheni, nao walikuwa wanamleta nyumbani. Jumbe alitangulia, kofia mkononi. Nyuma yake kina mama wanalia, watoto wanashika kanga zao. Pa kukimbilia hapakuwepo.

Watu walipotuona, wimbo ulikatika. Jumbe alimtazama Askari, akanitazama mimi. Nikamwona mwanamke mmoja akimnyanyua mtoto wake juu.

Shangazi Yudita hakupaza sauti. Alishuka kwenye majani ya pembeni, akapiga goti moja, akashusha mkono. Jike wake akalala. Wa pili akalala. Wale mbwa wengine, mmoja baada ya mwingine kufuata mstari, wakajilaza kwenye umande. Nami nilipiga goti, kamba imelegea mkononi. Askari alibaki amesimama. Akaitazama ile machela, akawatazama wenzake. Halafu akajilaza, akaweka kidevu juu ya miguu yake.

Msiba ukapita. Upindo wa kanga ya mtu ulimgusa Askari puani, hakuinua kichwa. Hakuna mbwa aliyelia. Walipokwisha kutupita, nikasikia sauti ya jumbe ikianzisha wimbo upya, nzito, ya mtu anayelia. Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, lakini nikilikumbuka lile hadi leo mwili unanisisimka. Sikujua kiumbe mwenye hofu namna ile anaweza kuwa na utulivu mkubwa hivyo ndani yake.

Matanga yalipokwisha, Jumamosi moja jumbe alitukuta tumekusanyika. Mkononi alishika kamba, na kwenye kamba alikuwa mbwa wake mwekundu, mkorofi kupindukia.

"Kamwene, shangazi. Nafasi ipo?"

"Ipo, baba. Kaa nyuma kabisa, usivute."

Basi nakuambia wewe unayelea, uwe unalea mbwa au unalea watoto. Usimfungie kiumbe nyuma ya ghala halafu ushangae akiuma. Mtoe nje, asubuhi, pamoja na wenzake, umwonyeshe watu na njia polepole, wala usimharakishe. Nawe kwanza tuliza mkono wako, maana hofu yako inamfikia kabla ya maneno yako. Mungu akupe subira, akupe wenzako wa kutembea nao, na nyumba yako ipitwe na watu bila woga. Amina.