Siku Niliyomkata Senge Nywele

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu mchumba wangu Nafula huisimulia vibaya zaidi. Nilikuwa nimetoka kwangu mtaa wa Jamhuri, shati limepigwa pasi mpaka mikono, nikaenda kwao Loresho kujitambulisha, na tulipomaliza kula baba yake akauliza, "Kijana, huko maabara Westlands mnafanya nini hasa?"

Ningesema utafiti, yaishe. Lakini nikaomba uzi wa kufuma, nikasokota nyuzi mbili pamoja, nikatia shanga mbili na mafundo matatu mbele yake, nikasema hii ndiyo DNA. Mzee akashika ncha moja, nyingine akashika dada yake, shangazi wa Nafula, ambaye kwao huitwa Senge (huyo ndiye mwenye neno la mwisho kwao, hata Nafula alinionya). Nikaeleza kwamba mimi ni kimeng'enya cha kukata DNA, sina macho, napapasa tu hadi nipate alama fupi, hizo shanga, ndipo nafungua nyuzi mbili na kulinganisha maandishi yaliyo jirani, yaani hayo mafundo, na maandishi niliyobeba, na yakilingana, nakata zote mbili.

Halafu, ili wanielewe vizuri (hapa ndipo akili iliponitoka), nikajifunga kitambaa machoni nikachukua makasi.

Sasa Senge hasikii vizuri, akainama kunisogelea, na nywele zake zilikuwa za kusokota, mbili mbili, zenye shanga kwenye ncha, nami nikapapasa, nikagusa shanga, nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Alama ndiyo hii," nikapanda juu kidogo na, kwa vile watu walikuwa wamenyamaza nikadhani wamevutiwa, mafundo sikuyatafuta, nikakata.

Nafula akasema polepole, "Toa hicho kitambaa."

Nilikuwa nimeshika nywele za Senge, urefu wa kiganja. Mzee bado alikuwa ameshika uzi wake, hajui aachilie au la.

Senge akazitazama zile nywele, akaniuliza, "Na hicho kimeng'enya chenu, nacho hukosea hivi?"

"Mara nyingine, Senge. Kikipata mahali panapofanana."

"Na kikishakata?"

"Seli hujaribu kuunganisha zile ncha. Lakini mara nyingi hubaki kasoro."

"Basi unganisha."

Nikapiga magoti kwenye zulia la wakwe nikamfunga shangazi wa watu nywele kwa uzi wa kijani, watu wazima wakinitazama, na fundo likakaa upande.

Posa waliikubali, ila Senge huja kwetu na kilemba. Nami siku hizi nikiulizwa kazi yangu nasema napima vitu, na mtu akizidi kudadisi, naomba chai.