Kiswahili Chetu cha Uwanjani

Sipendi kuulizwa kwa nini timu ya chuo chetu haipo tena, maana jibu ni mimi, na lina aibu ambayo hata nikioga haitoki, lakini kwa kuwa mmening'ang'ania basi kaeni niwasimulie, ila msinicheke mapema.

Msimu ulianza vibaya. Tulifungwa mechi baada ya mechi, na mkuu wa chuo (chuo chenyewe kidogo tu, vyumba vichache juu ya duka la vitanda huko Randburg) akasema wazi kwamba tukishuka daraja anaifuta timu. Mimi nilikuwa nahodha na beki wa kati, mwenzangu pale nyuma ni Bahati, kijana wa Goma. Siku moja nikamwambia, "Kuanzia leo tupange mambo yetu kwa Kiswahili. Nani atatuelewa hapa?" Mimi nimezaliwa hapa hapa Johannesburg, baba ni wa huku, aliishi uhamishoni Tanzania akarudi na mke kutoka Morogoro, na huyo mama hakukubali nikue bila lugha yake. (Mpaka leo hupanda teksi mbili kwenda kusuka Kensington kwa akina mama wa Kikongo, apate tu watu wa kuongea nao. Hilo ningelikumbuka mapema nisingekuwa hapa nawasimulia.)

Ujanja ulikubali. Tulipanga mtego wa kuotea kwa sauti kubwa, mshambuliaji kasimama katikati yetu hajui lolote, tukaanza kushinda, nami nikavimba kichwa.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu ili tubaki. Wapinzani walikuwa na mshambuliaji mmoja, wenzake wanamwita Sipho, anaongea Kizulu muda wote, goti la kulia lina bandeji, na bado ana mbio za ajabu. Nyuma ya goli letu alikaa mama mmoja kwenye kiti cha kukunja. Nikamsalimia kwa Kizulu, "Sawubona, Mama," akaitika, "Yebo," nami nikajua ni mtu wa hapa.

Siku hiyo mtego wetu haukumnasa Sipho hata mara moja, kila tukisema tusogee yeye keshasogea, na mimi mpumbavu nikadhani ni bahati yake. Kipindi cha pili akanipita tena, mpira ukagonga mwamba, watu wakanicheka. Nikapandwa na hasira nikamwambia Bahati kwa sauti, "Goti lake bovu lile. Akija tena mpige pale pale, amalizike."

Bahati akanitazama. "Kapiteni, unasema kweli?"

"Fanya."

Mpira ukaja, na Bahati akafanya. Yule kijana alianguka chini, akashika goti, akasema neno moja tu, "Mama." Na yule mama wa kwenye kiti, ambaye alishasimama kabla hata ya kishindo, akaingia uwanjani mbio akapiga magoti. "Imani, mutoto yangu, usiguse, usiguse." Kumbe huyo Sipho nyumbani ni Imani, na yeye na mama yake walikuwa wanatuelewa muda wote.

Refa alishampa Bahati kadi nyekundu na mambo yangeishia hapo, lakini mama alininyooshea kidole. "Huyu ndiye alimtuma," akamwambia refa kwa Kiingereza.

"Eish, alisema nini?" refa akauliza.

 Mama akanigeukia mimi. "Waambie weye mwenyewe. Nilikuwa nakusikia tangu mwanzo."

Uwanja mzima ukanigeukia, timu mbili, makocha, wazazi. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nilimwonya mwenzangu awe mwangalifu na goti la yule kijana. Ndiyo, nilidanganya, mbele ya watu wote. Na Imani mwenyewe akiwa amelala kwenye nyasi akanisahihisha kwa Kiswahili cha kuokoteza, cha nyumbani kwao. "Hapana. Wewe ulisema piga. Mimi nilisikia, nikafikiri unatania."

Nilitoka na kadi nyekundu huku hakuna hata mtu wa timu yangu anayenitazama. Tulifungwa, tukashuka daraja, timu ikafutwa. Imani alikuwa aende majaribio kwenye klabu kubwa, na tukasikia anatembea kwa magongo. Nikaapa sitaitumia tena lugha ya mama yangu kumficha mtu kitu.

Basi jana mama yangu karudi kutoka Kensington na rasta mpya, amefurahi. Msusi wake, mama wa Bukavu, ana kijana aliyeumia goti, anashinda ndani tu hataki watu. "Nimemwambia na mimi nina wangu, mcheza mpira, anaongea Kiswahili safi. Jumamosi utaenda kumsalimia, nimeshaahidi."

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba Jumamosi nina kazi.

Mama akaniangalia. "Tangu lini mimi unanijibu Kiingereza?"

Sijamjibu mpaka sasa, na Jumamosi ni kesho.